Kazi Zilizotoka katika Darasa la Nyimbo

Katika shule za misioni, za pwani na za bara, saa ya nyimbo ilihesabiwa tangu mwanzo kuwa saa ya kumpumzisha mtoto. Kusoma, kuandika na hesabu ndiyo yaliyoitwa masomo. Nyimbo zilikuwa mali ya kanisa. Kwa sababu hiyo, watu walioandika habari za shule hizo wameeleza sana makarani, wakalimani, waalimu na makasisi waliotoka humo, wala hawakuuliza sana: yule aliyejifunza kuimba kwa alama alitoka na nini mkononi? Makala haya yataka kuuliza neno hilo, na kulijibu kwa mambo yaliyotukia, si kwa sifa tupu za muziki.

Jibu nitakaloleta ni hili. Sauti nzuri haikumpa mtu kazi ya kudumu, maana sauti nzuri zilikuwako kabla ya shule, na mpaka leo ziko pasipo shule. Kilichompa mwanafunzi kazi na jina ni kalamu: kule kuweza kuandika alichokisikia, na kumsomesha mwenziwe asiyekisikia. Aliyepewa kalamu hiyo alikwenda mbali. Aliyefundishwa kufuatisha tu aliishia pale mwalimu wake alipoishia.

I. Alama zenyewe

Hapana budi kwanza kueleza chombo. Wageni waliokuja na nyimbo zao walikuwa na njia mbili za kuziandika. Ya kwanza ni nota za mistari mitano, ambazo hutaka karatasi ya namna yake, na matbaa yenye herufi za namna yake. Ya pili ni solfa. Mwalimu mmoja wa kike wa mji wa Norwich huko Uingereza, Sarah Glover, ndiye aliyeanza kufundisha watoto kwa majina ya sauti na herufi zake. Naye kasisi John Curwen (1816–1880) akaichukua njia hiyo, akaitengeneza tangu miaka ya 1840, hata ikaenea katika shule za Jumapili na za kutwa. Kutoka huko misioni ziliipeleka Madagaska, Afrika ya Kusini, na nchi nyingine nyingi.

Sababu ya kuenea kwake yaonekana wazi kwa kila mtu aliyewahi kufanya kazi katika matbaa ndogo. Solfa huandikwa kwa herufi za kawaida: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenga pigo na pigo, mstari uliosimama hutenga fungu na fungu, kistari huonyesha sauti inayovutwa, na alama ndogo huonyesha kuwa sauti ni ya juu au ya chini zaidi. Matbaa iliyoweza kupiga chapa Injili iliweza vilevile kupiga chapa nyimbo, wala haikulazimu kuagiza kitu Ulaya. Baadaye, zilipokuja mashine za taipu na stensili, mwalimu wa kijijini aliweza kuandika wimbo wa sauti nne asubuhi, na jioni kila mwimbaji akawa na karatasi yake.

Na darasani vivyo hivyo. Mwalimu hakuhitaji kinanda. Alihitaji ubao, ufito, na koo lake. Alichora ngazi ya sauti ubaoni, akaigusa kwa ufito, na watoto wakapanda na kushuka naye. Au alionyesha sauti kwa alama za mkono, ngumi kwa do, kidole kielekeacho juu kwa ti, na hivi vyote havikugharimu hata senti moja. Shule maskini kabisa iliweza kufundisha somo hili sawa na shule tajiri, neno ambalo haliwezi kusemwa juu ya masomo mengi.

II. Ujuzi aliotoka nao mwanafunzi

Tuhesabu sasa yale aliyojifunza, nje ya wimbo wenyewe.

La kwanza ni sikio. Mtoto aliyezoea kutofautisha fa na mi, ambazo zimekaribiana mno, huzoea kusikiliza kabla ya kujibu. Mwalimu wa lugha ajua thamani ya jambo hili. Aliyefunzwa kusikia kupanda na kushuka kwa sauti husikia upesi zaidi tofauti za matamshi katika lugha ya wageni, na hata katika lugha ya jirani zake. Wakusanyaji wa lugha na mila wamewahitaji sana watu wa namna hii, maana lugha nyingi za kwetu bara, kama Kiganda, Kikuyu na Kiluba, hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na herufi peke yake haziwezi kueleza yote.

La pili ni hesabu za wakati. Pigo moja hugawanywa nusu, na nusu hugawanywa robo. Sauti moja huvutwa mapigo matatu, huku nyingine ikisema mapigo sita. Mtoto hufanya hesabu za mafungu kwa mdomo na mkono kabla hajaziona katika kitabu cha hesabu.

La tatu ni kusoma mambo mawili kwa jicho moja. Mwimbaji husoma safu ya alama juu, na safu ya maneno chini, na hapo hapo huangalia mkono wa mwimbishaji. Ni kazi ya namna ile ile aifanyayo mpanga herufi katika matbaa, asomaye mswada huku mkono wake ukitafuta herufi za risasi. Au karani aandikaye kwa taipu bila kutazama vidole. Na ikiwa wimbo ni wa sauti nne, alama za sauti zote hazina budi kusimama sawasawa juu kwa chini, pigo chini ya pigo; zikipotoka kidogo, kwaya nzima hupotea. Aliyeweza kupanga ukurasa wa solfa bila kosa hakuogopa tena jedwali la hesabu za serikali.

La nne ni kuongoza watu. Kwaya ni baraza dogo. Ina mkubwa na mdogo, mwepesi na mzito, mwenye kiburi kwa sababu ya sauti yake, na mwenye haya asiyefungua kinywa. Mwimbishaji hujifunza kuwapatanisha hao bila kuwa na fimbo wala mshahara wa kuwapa. Huweka saa za mazoezi, hutunza fedha za sare na nauli, huandika barua kwa parokia nyingine. Tukiyatazama hayo twaona kwamba ni kazi za mwalimu mkuu, na za katibu wa chama, na za kasisi. Ndiyo maana katika nchi zetu mwalimu wa shule na mwimbishaji wa kanisa walikuwa mara nyingi mtu mmoja.

III. Matarumbeta na beni

Njia ya kwanza ya kazi iliyofunguka mbele ya vijana wa pwani ilikuwa njia ya matarumbeta. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuona bendi za wanamaji na za askari, nao wakazipenda. Wadachi walipotawala Tanganyika, shule yao ya serikali huko Tanga ilikuwa na bendi ya wavulana, nao walipiga matarumbeta mbele ya wakubwa. Majeshi ya Waingereza, yaani King's African Rifles, yalikuwa na bendi zao vilevile. Na kutoka huko ufundi huo ukapita katika bendi za polisi, za magereza na za jeshi, ambazo mpaka leo huajiri wapigaji, huwapa cheo, mshahara na kiinua mgongo. Kwa kijana mwenye kusoma nota, hii ilikuwa kazi ya halali yenye heshima.

Lakini somo halikubaki katika mikono ya waliolitoa. Kutoka pwani ya Kenya ilizuka ngoma ya beni, ambayo jina lake latokana na neno bendi. Watu wa mitaa waliiga matarumbeta, gwaride na vyeo vya Kizungu, wakavifanya kuwa mashindano yao wenyewe, na nyimbo za Kiswahili za kusifu na kukejeli. Vita ya 1914–1918 ilipowachukua askari na wapagazi huku na huku, beni ilisafiri pamoja nao, hata ikafika mbali sana bara. Vyama vya Marini na Arinoti vilijulikana katika miji mingi ya Tanganyika. Mwanahistoria Terence Ranger alipotoa kitabu chake juu ya beni mwaka 1975, alionyesha kwamba vyama hivyo havikuwa mchezo mtupu: wanachama walisaidiana katika ugonjwa na mazishi, walijifunza kuandika hesabu na kushika uongozi mjini.

Basi hapa twaona neno la kwanza la kukumbuka. Ufundi wa muziki uliotolewa ili watu watembee kwa mguu mmoja, uliwafundisha kujipanga wenyewe. Makasisi wengi wa zamani hizo waliichukia beni, nao walikuwa na sababu zao katika ulevi na ugomvi ulioambatana nayo. Walakini ilikuwa ushahidi kwamba watu wako tayari kulipa, kwa fedha yao wenyewe na kwa miaka mingi, ili wawe na muziki ulio wao.

IV. Daftari la mwalimu mmoja

Mfano ulio mkubwa kuliko yote wa kazi ya kalamu hutoka Afrika ya Kusini, nao watuhusu sisi kila asubuhi bendera ipandapo. Enoch Sontonga, aliyezaliwa yapata mwaka 1873, alikuwa mwalimu katika shule ya misioni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, na mwimbishaji wa kwaya. Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo, akaziandika kwa solfa katika daftari la shule. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Mwaka 1899 wimbo huo uliimbwa hadharani katika ibada ya kumweka kasisi wakfu. Sontonga alifariki mwaka 1905, kijana bado, wala hakuona utukufu wo wote wa kazi yake.

Tuangalie jinsi wimbo ulivyosafiri baada ya mwenyewe kufa. Waalimu wengine wa kwaya waliazima nyimbo zake, wakazinakili, wakazifundisha. Mwaka 1912 uliimbwa katika mkutano ulioanzisha chama kilichoitwa baadaye African National Congress. Mwaka 1923 Solomon Plaatje aliuimba London ukatiwa katika santuri. Mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti nyingine, zikapigwa chapa mwaka 1927. Hata mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, sauti ile ile, kwa maneno ya Kiswahili, ikawa wimbo wetu wa taifa, Mungu ibariki Afrika. Zambia ikaichukua sauti hiyo mwaka 1964 kwa maneno mengine, na Afrika ya Kusini yenyewe ikaipa wimbo heshima ya taifa tangu mwaka 1994. Mwaka 1996 kaburi la Sontonga lilifanywa kuwa ukumbusho wa taifa, naye Rais Nelson Mandela alikuwapo.

Je, wimbo huo ungefika Dar es Salaam kama mwalimu yule angekuwa na sauti nzuri tu? Ungekufa pamoja naye, au ungegeuka kijiji kwa kijiji hata usitambulike. Uliishi kwa sababu uliandikwa kwa herufi ambazo mwalimu ye yote wa shule maskini aliweza kuzisoma.

Na katika Afrika ya Mashariki twaona njia ile ile ikifuatwa. George Kakoma (1923–2012), aliyesoma King's College Budo na kisha Trinity College of Music huko London, alitunga wimbo wa taifa wa Uganda kwa uhuru wa mwaka 1962. Mganda mwingine, Joseph Kyagambiddwa, alitoa mwaka 1955 kitabu juu ya muziki wa Waganda, kisha akatunga kazi kubwa ya kwaya juu ya Mashahidi wa Uganda, nayo iliimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa kuwa watakatifu. Huko Tanganyika padre Stephen Mbunga alitoa Misa Baba Yetu mwaka 1959, na mwaka 1963 akaandika kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Wabantu. Hao wote walipita kwanza katika darasa la misioni, na darasani walipata kalamu.

Yafaa tuseme kweli juu ya malipo pia, tusiwadanganye watoto. Heshima ilikuja upesi kuliko fedha. Kakoma mwenyewe, katika uzee wake, alikwenda mahakamani kuidai serikali malipo ya mtunzi kwa wimbo ulioimbwa na taifa zima. Mwalimu afundishaye watoto kutunga, na awafundishe vilevile kutia jina na tarehe chini ya kazi yao, na kuuliza haki ya mtunzi ni nini katika sheria ya nchi.

V. Kosa la darasa

Lakini darasa hili lilikuwa na upungufu mmoja mkubwa, na wasomaji wa lugha watautambua mara moja. Lilitoa alama nzuri, kisha likazifunga katika nyimbo za nchi nyingine.

Fikirini mkazo wa Kiswahili. Neno letu hukazwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, nasi twajua kwamba mkazo ukihama, maana yaweza kuhama pia: barabara iliyokazwa karibu na mwisho ni njia ya magari, na barabara iliyokazwa karibu na mwanzo ni sawasawa kabisa. Nyimbo nyingi za Kiingereza hwenda kwa pigo dogo na pigo kuu, dogo na kuu, hata mwisho. Na mstari wa silabi 8 huishia juu ya pigo kuu. Kiswahili hakiwezi kuishia hivyo ila mara chache mno, kwa kuwa silabi ya mwisho ya neno letu ni nyepesi. Weka neno upendo mwisho wa mstari wa namna hiyo: u huangukia pigo kuu, pen huangukia pigo dogo, na do hupigwa kwa nguvu. Mwimbaji hulazimishwa kusema neno ambalo hajapata kulisema nyumbani. Tumezoea jambo hili kanisani hata hatulisikii tena. Lakini mgeni wa pwani mwenye kujua mashairi hulisikia mara moja, na hutabasamu.

Katika lugha zenye kupanda na kushuka hasara ni kubwa zaidi. Sauti ya wimbo ikipanda mahali neno linaposhuka, msikilizaji asiyekijua kitabu hana hakika amesikia neno gani. Mzee ambaye hakusoma, akiingia kanisani mara ya kwanza, husikia sauti tamu zenye maneno yaliyovunjika.

Tena watoto walielewa kwamba nyimbo zilizoandikwa ndizo nyimbo za maana, na zile za nyumbani, za kutwanga, za kuvuta nyavu, za jandoni, za kubembeleza mtoto, si za kuandikwa. Hivyo kalamu ikawa ukuta mahali ilipopasa kuwa mlango.

VI. Walipofunguliwa mlango

Mahali mwalimu alipofungua mlango huo, matunda yalionekana kwa muda mfupi. Mifano mitatu yatosha.

Katika Kongo, nchi ya Katanga ambako Kiswahili husemwa sana, padre Mfransisko Guido Haazen alikuwa mkuu wa shule huko Kamina. Alikusanya kwaya ya wavulana yapata 45 na waalimu 15, naye badala ya kuwapa nyimbo za Ulaya akawaacha waimbe maneno ya Misa kwa namna za Waluba na majirani zao. Mwaka 1958 Misa hiyo, iliyoitwa Missa Luba, iliimbwa Kamina, na mwaka huo huo kwaya ikasafiri Ulaya. Santuri yake ikasikiwa dunia nzima. Sehemu kubwa ya sauti zile zilizuliwa na waimbaji wenyewe katika mazoezi, hazikuandikwa kwanza. Nayo santuri ilitoka kwa jina la padre kama mtengenezaji. Silisemi hili kwa kumlaumu mtu, maana bila yeye kwaya isingekuwako; nalisema kwa sababu lathibitisha shauri langu. Waliokuwa na sauti walikuwa wengi, na aliyekuwa na kalamu alikuwa mmoja.

Katika Katanga hiyo hiyo mlinganishe Joseph Kiwele (1912–1961). Huyu alipata elimu yake kwa wamisionari, akajua nota na kinanda, akawa mwalimu wa muziki huko Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi. Alitunga Misa na nyimbo nyingi, na mwaka 1960 akatunga wimbo wa taifa wa Katanga ilipojitenga, na katika serikali hiyo akawa waziri wa elimu. Mtu aweza kuwa na maoni yake juu ya siasa za Katanga; lakini njia ya mwalimu huyu, kutoka darasa la nyimbo hata baraza la mawaziri, yaonyesha uongozi unaotoka katika kazi ya kwaya. Nyimbo zake zajulikana kwa jina lake, kwa kuwa ziliandikwa kwa mkono wake.

Mfano wa tatu ni wa Makumira, karibu na Arusha. Katika chuo cha Kilutheri cha wachungaji, mwalimu Mmarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi watunge nyimbo za ibada kwa sauti za makwao. Mwaka 1966 mwanafunzi mmoja kutoka Bukoba, Bernard Kyamanywa, aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, kwa sauti ya kienyeji. Wimbo huo ukatafsiriwa kwa Kiingereza na kwa Kijerumani, ukaingia katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani. Basi mkondo ukageuka: nchi iliyokuwa imetuletea nyimbo ikajifunza wimbo kwetu.

Na Kenya, walipotaka wimbo wa taifa mwaka 1963, walikabidhi kazi kwa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakutafuta sauti ng'ambo. Walichukua wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa mto Tana, wakautengeneza kwa sauti za kwaya na kwa bendi. Wimbo ambao zamani darasa lingeuacha mlangoni ukapigiwa saluti. Senoga-Zake baadaye aliandika kitabu juu ya muziki wa kienyeji wa Kenya, kilichotoka mwaka 1986, nacho ni msaada kwa kila mwalimu atakaye kujua ngoma na zeze za makabila ya huko.

VII. Yatupasayo waalimu

Siku hizi njia za kazi ni nyingi kuliko zamani. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, ambacho tangu 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Unguja kuna chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichoanza kufundisha mwaka 2002, ambako vijana hujifunza kanuni, udi, fidla na ngoma, na kusoma nota pia. Vyuo vikuu hufundisha muziki. Redio, televisheni, studio za kurekodi, makanisa, mahoteli, shule za binafsi na bendi za serikali hutaka watu wajuao kupanga sauti, kuandika nota kwa kompyuta, kutunza vyombo, na kuandika mikataba. Lakini mlango wa kwanza wa yote hayo bado ni darasa la chini, na hapo ndipo saa ya nyimbo inapopokonywa. Mtihani ukikaribia, mwalimu mkuu husema, Hili halitahiniwi, tupeni saa yake kwa hesabu. Mwenye kusema hivyo hakosi sababu. Ana wazazi na wakaguzi juu ya kichwa chake. Walakini na apime pande zote mbili za mzani. Saa moja kwa juma iliyokatwa haikuongeza sana hesabu, na imeondoa sikio, mapigo, macho yasomayo safu mbili, na mazoezi ya kuongoza watu, ambayo hakuna somo jingine katika ratiba liyatoalo yote pamoja.

Nami nawashauri waalimu na makasisi wenzangu mambo matatu yasiyohitaji fedha.

Kwanza, tusiishie kuwaimbisha watoto, tuwaandikishe. Mtoto aliyeimba wimbo wa mistari minne leo, kesho auandike kwa solfa pasipo kutazama, na mwenziwe wa darasa jingine ausome. Nimeona darasani kwamba juma la kwanza ni makosa matupu, na kufika mwisho wa muhula watoto husahihishana wenyewe.

Pili, wimbo wa kwanza wa kuandika na uwe wa nyumbani kwao. Wamwulize bibi, au mvuvi, au mchungaji wa ng'ombe. Wasikilize neno linapanda wapi, na pigo linaangukia silabi gani. Hivyo somo la nyimbo huwa somo la lugha na mila pia, na nyimbo ambazo zingezikwa pamoja na wazee wake hubaki katika daftari.

Tatu, kila karatasi iwe na jina la aliyeimba, jina la aliyeandika, mahali, na tarehe. Hilo ni jambo dogo, lakini ndilo linalotenga mtunzi na mwimbaji asiyejulikana.

Wengi wa watoto hao hawatakuwa wanamuziki. Watakuwa makarani, wauguzi, mafundi, wakulima, makasisi na waalimu kama sisi, na ujuzi huo utawafaa katika kazi hizo zote. Wachache watakuwa watunzi, wala hakuna ajuaye leo ni yupi kati yao. Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ndogo mwenye daftari. Na katika shule zetu daftari zingali ziko.